Zamu ya Ardhi

Nilipowaambia vijana wa pale msibani Kasoli kwamba mimi na marehemu tuliwahi kufanya kazi ya mafuta pamoja, waliitikia kwa adabu, kisha mmoja akauliza kama tulikuwa tunakamulia Bariadi mjini au Maswa. Walidhani nasema mafuta ya mbegu za pamba. Nilicheka kwa sauti, mtu mzima na kanga yangu ya msiba kichwani, hata wanawake waliokuwa wakichagua mchele wakanigeukia. Hapana, nikawaambia, mafuta yale mengine, yanayokaa chini kabisa kwenye mwamba. Wakatazamana. Lugembe alikuwa manju, mtunzi na kiongozi wa nyimbo, wilaya nzima ilimjua kwa ngoma ya majembe. Mafuta ya chini ya mwamba yamemhusu nini? Basi nikavuta kigoda. Mimi nikishaanza sina breki, na wao walikuwa na muda: siku ile tulikuwa tunaanua matanga, nyama ilikuwa bado jikoni, na wachezaji wa kikundi chake walikuwa hawajafika.

Watu wa umri wangu tunauita mwaka ule mwaka wa ruksa, ingawa ruksa yenyewe ilidumu zaidi ya hapo. Wanunuzi binafsi wa pamba walikuwa wameingia Kasoli na mizani zao mpya, maduka ya Bariadi yamejaa sabuni za kila rangi, na mtu mwenye wazo lolote kichwani aliweza kwenda kusajili kampuni. Injinia Kweka alikuwa na wazo. Mchaga wa Machame, mrefu, mwenye sauti ya kwaya, alisomea Romania na kufanya kazi kwenye visima vya mafuta vya huko. Aliacha kazi serikalini, akauza gari lake zuri, akanunua mashine moja ya kusikilizia ardhi na kuajiri watu watatu. Mmoja alikuwa mimi, Minza, niliyetoka chuo cha ufundi na cheti cha umeme ambacho wino wake ulikuwa haujakauka vizuri. Kazi yangu ilikuwa kuendesha ile mashine. Wenzangu wawili, dereva na mtu wa nyaya, walikuwa na hakika kwamba nitaichoma.

Tulipanga nyumba Bariadi, nyuma ya kinu cha kuchambulia pamba. Ninaiona mpaka leo. Sebuleni mashine ilikaa mezani, imefunikwa shuka langu la maua kwa sababu ya vumbi la pamba, nasi tulikula chini mkekani kama wageni wake. Chumba changu kilikuwa stoo, nililala katikati ya mabunda ya nyaya, na kuta zilikuwa nyembamba kiasi kwamba hakuna neno lililonipita. Nilimsikia dereva akimwambia mwenzake, "Huyu binti ataolewa kabla ya mvua. Mashine atamwachia nani?" Na Kweka akajibu toka chumbani kwake, "Ataniachia mimi. Laleni." Nilijifunika uso nikacheka. Nilikuwa na umri ambao mtu akikudharau unanenepa.

Asubuhi ndipo tulipofundishwa. Kweka alikuwa hawezi kunywa chai bila kueleza jambo. Siku moja alichovya andazi kwenye kikombe, akalitoa, akaliinua mbele ya macho yetu. "Chai iko wapi sasa?" Tukasema iko ndani ya andazi. "Basi mafuta nayo yako hivyo. Watu wanadhani chini kuna ziwa, mtu angeweza kuogelea. Hakuna ziwa. Kuna mwamba wenye vitundu, na mafuta yamejificha humo kama hii chai." Akalibana andazi upande mmoja, chai ikadondoka upande wa pili. Wenye visima, alisema, husukuma maji huku ili mafuta yatokee kule, lakini hawaoni yanakopita. Wanaweza kusukuma miaka na mafuta mengi yakabaki kwenye kona. Kwa hiyo unaipiga ardhi na kuusikiliza mwangwi wake. Unangoja miezi. Unaipiga tena, palepale, vilevile, kisha unachukua picha ya pili na kutoa ndani yake picha ya kwanza. "Vyote ambavyo havikubadilika vinafutika. Kinachobaki ndicho kilichotembea." Akalila andazi. Kikombe changu kilikuwa kimepoa mkononi. Sijui niwaelezeje; mtu mzima ananiambia unaweza kuona kitu kikitembea chini ya mawe bila kuchimba hata shimo la panya, na yeye anaendelea kutafuna.

Mafuta hatukuwa nayo, lakini maji tulikuwa nayo. Karibu na Kasoli kuna bonde la mchanga ambalo kiangazi hukauka kabisa juu, watu wanafukua ndipo wapate ya kuchota, na mvua zikija linashiba. Kweka alitaka kulipiga picha likiwa kavu, kisha likiwa limeshiba, ili aonyeshe kwamba kampuni ndogo ya Kitanzania inaweza kuyafuata maji chini ya ardhi. Anayeweza kuyafuata maji anaweza kuyafuata mafuta. Kulikuwa na kampuni ya kigeni iliyokuwa inalinyemelea bonde la ufa huko kusini kwetu, na wageni wake walikubali kuja kutuangalia mvua zikiisha. "Tukiwaonyesha," Kweka aliniambia, "mimi napata kandarasi na wewe unapanda ndege. Nitawaambia wakuchukue ukajifunze kwenye visima vyenyewe." Nilitaka hiyo ndege kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote. Nilianza kutembea Bariadi nikiangalia juu.

Sasa, ardhi unaipiga na nini? Baruti hatukuwa na kibali nayo, na malori makubwa ya kutetemesha ardhi tuliyaona kwenye picha tu. Kweka akapata gurudumu la chuma la mashine chakavu ya pamba, zito ajabu, tukasimika magogo matatu, tukafunga kapi na kamba. Tulihitaji watu wa kulivuta juu na kuliachia, mara nyingi, mahali pamoja. Ndivyo alivyokuja Lugembe na kikundi chake. Walikuwa wa chama cha ngoma cha Bagika, watu wa bugobogobo, wale wanaolima shamba la mtu kwa ngoma na majembe yanapanda na kushuka pamoja. Lugembe wakati ule alikuwa na nywele nyeusi na mdomo usiotulia. Alinikuta nimekaa chini ya turubai na mashine yangu, akaniamkia Kisukuma kama mama yake, "Mwangaluka, mayu. Hicho kiredio chako kinashika stesheni gani?" Nikamwambia kinashika stesheni ya kuzimu. Akaipenda hiyo. Akalizunguka lile gurudumu, akalipiga teke, akaanza kuimba, na watu wake wakaikamata kamba.

Ilikuwa raha, nawaambieni. Walivuta kwa wimbo, chuma kikapanda, na kwenye neno la mwisho kamba ikaachiwa na ardhi ikapokea. Mbali na hapo, kwenye mstari mrefu, tulikuwa tumechomeka vile vijidude vya kusikilizia, na kwa kuwa vilipandwa kwa nafasi sawa kama pamba, watu waliviita mbegu. Pigo moja halitoshi, kwa sababu ardhi haikai kimya: ng'ombe wanapita, baiskeli, upepo kwenye mtama. Lakini mashine ilikuwa na uwezo wa kujumlisha mapigo. Kelele za ovyo huja leo hivi na kesho vile, hivyo zinauana. Kinachojirudia palepale ndicho kinachokua. Sungusungu walituwekea ulinzi. Kitambaa chekundu kikipanda, bonde zima linaganda, wanawake na ndoo zao kichwani wanasimama kama waliopigwa picha, na mimi nabonyeza. Picha ya kiangazi tukaipata.

Mvua zikaja, watu wakalima, na ilipofika zamu ya picha ya pili Lugembe na watu wake walikuwa wameitwa Ipililo kupalilia. Tukawachukua wapinzani wao, Bagalu wa ng'ambo ya bonde, chini ya Mzee Masanja, mtu mnene mpole aliyefanya kila kitu taratibu. Chuma kilekile, shimo lilelile, mbegu zilezile. Tulirudi Bariadi, tukatoa picha ya kwanza kwenye ya pili, na sote wanne tukainama juu ya karatasi. Juu kulikuwa karibu kutupu. Lakini chini, palipotakiwa kuwa na mwamba, kulikuwa na mkanda mweusi uliokolea, na chini yake mkanda mwingine, kana kwamba kitu kimenyanyuka na kushuka hatua moja. Kweka aliweka mkono mdomoni. "Yameshuka," akasema. "Maji yamezama mpaka chini kabisa. Tumeyaona yakishuka." Akaimba pambio la Kilutheri kwa sauti yote, dereva akacheza, mimi nikalia machozi ya kweli. Siku ile tulikula wali na kuku, na mtu wa nyaya, ambaye hakuwa msemaji, akasema ngoma ikilia sana mwisho hupasuka. Tukamwambia ale anyamaze. Wiki iliyofuata nilienda sokoni nikanunua viatu vya kupandia ndege.

Viatu hivyo ndivyo vilivyoniponza. Baada ya mavuno kulikuwa na mashindano ya ngoma Kasoli, na nikaenda nimevivaa. Mnajua tunavyoshindana sisi: makundi mawili yanacheza wakati mmoja, huyu upande huu na huyu ule, na hakuna hakimu, watazamaji wenyewe wanahama kwenda kwa anayewapendeza. Siku ile walikuwa Lugembe na Masanja. Uwanja ulijaa, watu wanatiririka huku na huku, viatu vinanibana, nikavivua nikasimama katikati peku. Na hapo nikavisikia vikundi vyote viwili kwa nyayo. Kwa Lugembe jembe linashuka, na papo hapo miguu ya kulia yote inakanyaga, du-du. Kwa Masanja jembe linashuka, wanavuta pumzi, ndipo miguu inakanyaga, du, du. Mmoja upesi, mmoja taratibu, wala hawakosei. Nilisimama pale na viatu mkononi. Ile mikanda miwili niliijua kama ninavyojua vidole vyangu. Wa kwanza juu kidogo. Wa pili chini kidogo, maana kwenye karatasi kinachochelewa kufika huchorwa chini.

Niliporudi niliiweka karatasi ya kiangazi kwenye kioo cha dirisha na kuiangalia jua likipenya. Mwangwi wa kweli wa mwamba hupinda mgongo kadiri mbegu zinavyokuwa mbali. Mkanda wetu haukupinda. Ulilifuata wimbi la kwanza kwenye kila mbegu, ya karibu na ya mbali, kama ndama na mama yake. Chuma kilipotua, wanaume walikanyaga, kama walivyokanyaga maisha yao yote jembe likitua. Nani angewaambia wasikanyage, na nani aliwaangalia miguuni, sisi tukiwa chini ya turubai tumekodolea mashine? Na mashine, iliyofuta ng'ombe na baiskeli na upepo, mguu haikuweza kuufuta, kwa sababu mguu haukuwa wa ovyo. Wachezaji wabovu wangetuokoa. Sisi tulikuwa na wazuri.

Wageni walikuwa njiani, wangefika wiki hiyohiyo. Sitawadanganya, nililiwazia hilo. Karatasi ilikuwa nzuri, Kweka alikuwa ameiamini, nikinyamaza napanda ndege. Nikisema, kampuni inakufa na mimi narudi kutengeneza redio za watu. Lakini hebu fikirini, ningepanda ndege kwenda kujifunza kusikiliza, na kitu cha kwanza nilichosikia nimekiziba. Mficha uchi hazai. Asubuhi, Kweka alipochovya andazi, nikamwambia yote. Andazi likalowa, likakatika, likazama kikombeni. "Kwa hiyo," akasema mwishowe, "tumekuja mpaka Bariadi kupima miguu ya watu." Akainuka, akaingia chumbani, akafunga mlango. Dereva alinitazama kama niliyemwaga chakula cha watoto.

Alitoka na rula. Alikaa chini mkekani, akapima mikanda yote miwili, mbegu kwa mbegu, anahema kwa pua, kisha akasema, "Ni kweli. Mungu wangu, ni kweli, na mimi ndiye niliyepaswa kuliona." Lakini hakuiacha karatasi. Rula ilipanda, ikapanda, ikafika kule juu tulikopaita patupu kwa sababu tulikuwa tumepofushwa na ule mkanda. "Minza, mguu unafika lini?" Nikamwonyesha. "Na hapa je, kabla ya mguu?" Nikainama. Palikuwa na tofauti hapo, nyembamba kama uzi wa pamba, lakini iko kwenye kila mbegu, na inapinda inavyotakiwa. "Hii hakuna mtu aliyeikanyaga. Miguu yote ilikuwa bado hewani." Maji yalikuwa yametembea kweli. Hayakushuka; yalipanda, kidogo tu, na upande wa mashariki zaidi ya magharibi. Tuliangaliana tukiwa tumepiga magoti kama watoto, na nawaapia, furaha ya siku ile ya kuku haikufika hata nusu ya furaha hiyo.

Ikabaki kuwaonyesha wageni kwamba tunajua lipi ni mguu na lipi ni maji, na kwa hiyo tulihitaji pigo lisilo na mguu. Nikaenda kwa Lugembe. Alinikaribisha michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, na karanga, akanisikiliza, uso ukambadilika. "Wimbo wetu una ugonjwa, mayu?" Nikamwambia hauna. "Wimbo usio na mguu ni kiwete. Nenda kawaambie Bagalu." Nikatoa karatasi, nikamwonyesha mguu wake na mguu wa Masanja. Akainamia, akaweka kidole. "Huu ndio wetu?" Ndio. "Na huu wa chini, uliochelewa, ni wao?" Ndio wao. Akacheka mpaka karanga zikampalia. "Miaka yote nawaambia watu wale wanachelewa. Sasa hata ardhi imeandika." Baada ya hapo angenibebea chuma peke yake.

Lakini miguu ilikataa. Tulijaribu asubuhi nzima. Aliwagombeza, wakaapa, na chuma kikitua miguu ikashuka yenyewe, kisha wakaitazama kama ya mtu mwingine. Mwisho Lugembe akakaa pembeni, akaguna guna wimbo puani, akarudi. "Hatuwezi kuuacha mguu," akasema. "Basi tuuimbe. Jembe likitua tukate wimbo, mguu upande, ubaki juu Minza akiwa ameinua mkono. Akiushusha, mguu utue." Akawatungia ukimya kama alivyotunga maneno. Wakavuta, wakaimba, kamba ikaachiwa, na wanaume wote wakabaki na mguu mmoja hewani kama korongo kwenye majaruba ya mpunga, jasho linawatiririka, hakuna anayepumua. Nikabonyeza. Kwenye karatasi ya pigo hilo mkanda mweusi haukuwepo, na mwangwi wa maji, palepale kwenye uzi, ulikuwepo.

Wageni walikuwa watatu, na mkubwa wao alikuwa mama mwenye mvi, amevaa suruali yenye mifuko mingi. Sikuwa nimewahi kuona mwanamke akiamrisha watu wa kazi hii, nikasahau kumsalimia. Kweka alifanya jambo ambalo wengi wasingelifanya. Aliwaonyesha kwanza pigo lenye mguu, akawaacha walisifie, ndipo akawaomba Lugembe na watu wake waukate wimbo, mguu ukiwa juu. Yule mama alitazama karatasi, akatazama miguu iliyoning'inia, akacheka mpaka akafuta macho. Akauliza nani aligundua jambo hilo. Kweka angeweza kusema ni yeye, na mimi nisingebisha. Alininyooshea kidole. "Huyu hapa. Amenivunjia kazi yangu yote." Mama akanigeukia: "Na kama usingesema?" Nikamjibu kwa Kiingereza changu cha chuo kwamba wasingejua. Akatikisa kichwa polepole, akarudi kuutazama ule uzi.

Kandarasi Kweka hakuipata. Walisema bonde la ufa litangoja. Alirudi kuchimba visima vya maji, na kile cha kwanza alikiweka upande wa mashariki wa bonde, pale uzi uliponenepa, na asubuhi hii nimeoga maji yake. Lakini kabla ya mvua nyingine yule mama aliniita, nami nikapanda ndege, kwa viatu vilevile vya kubana. Nimesikiliza mwamba Angola, Uganda, na juu ya bahari ya Mtwara. Nimeona mafuta yakikimbia na maji yakiyafukuza, kwenye vioo vya rangi ambavyo Kweka angevilipia kwa nyumba yake. Na kila mahali, vijana walipokuja wanashangilia mkanda mweusi, swali langu la kwanza lilikuwa lilelile: miguu ya nani iko hapo?

Niliwaambia hayo yote vijana wale wa Kasoli, na kabla sijamaliza ngoma ikalia. Kikundi kimefika. Sikumjua hata mmoja. Wale wa kamba wengi wametangulia, na Masanja naye. Walikuwa vijana, wavulana kwa wasichana, na majembe yao yanang'aa. Walipanga mstari mbele ya kaburi la Lugembe na kuanza ule wimbo, nikausikia mgongoni kabla ya masikioni. Majembe yakapanda, yakashuka pamoja, na miguu ya kulia yote ikapanda. Ikabaki juu. Hakuna ngoma, hakuna sauti, kaya nzima kimya, mpaka kuku akasikika kule jikoni. Mkono wangu ulikuwa umeshainuka wenyewe. Nilitazama kushoto, nikamwona manju wao mpya, binti mwembamba, naye ameinua wa kwake. Akaushusha, nami wangu, na wimbo ukaendelea.

Walipopumzika nilimfuata nikamuuliza kwa nini hapo hawakanyagi, na vikundi vingine vyote vinakanyaga. Alikuwa anafuta jasho kwa upindo wa kanga, akanishangaa kidogo, kama mtu aliyeulizwa kwa nini anafumba macho akilala.

"Hapo si zamu yetu, mayu," akasema. "Babu alitufundisha, hapo ni zamu ya ardhi."

Nikamuuliza kama inajibu.

"Inajibu," akasema. "Ila alisema lazima uwe umenyanyua mguu."